Usiseme ni Mafuta

Zuhura mwanangu,

Maneno ya kuagana nitakupa kwa mdomo alfajiri, mlangoni, ukiwa umeshavaa viatu. Hapa nakuandikia lile ambalo nikilianza kwa mdomo nitapiga kelele, na majirani wa Chanika hawana haja ya kujua kwa nini napiga kelele. Muda huu wewe uko kwa shoga zako unaaga. Mie nimekaa gereji, kwenye benchi letu la kazi. Mikono nimeosha kwa sabuni ya unga na bado inanuka petroli, kwa hiyo karatasi nayo itanuka. Vumilia.

Habari za chandarua, dawa za tumbo na kutokula vya barabarani sizigusi. Shangazi yako amekuhubiria mchana kutwa, nilikuwa namsikia hadi huku. Mie nina neno lako moja tu, la leo alasiri. Ulisema, "Nitaona, mjomba."

Nimechefuka, Zuhura.

Ulidhani sikusikia kwa kuwa nilikuwa chini ya lile trekta linalovuta tela la mchanga, miguu tu nje. Nilisikia yote, na mengine niliyaona kati ya magurudumu. Mjomba wako Shaibu aliingia na shati lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, kreti ya soda kwenye bodaboda, doti ya khanga kwapani. Ukampa shikamoo.

"Marahaba, mpwa wangu! Fundi mkuu wa Ifakara! Naona umeshaanza kunenepa hata mchele wao hujauonja."

Ukacheka. Na mie huko chini nikacheka, maana mdogo wangu huyo anajua kuchekesha, ndiyo mtaji wake. Kisha nikasikia anavuta tairi bovu akakaa, sauti ikashuka.

"Sasa sikia, mama. Wale kina mama niliowauzia trekta wanalalamika linakata pumzi shambani. Ukifika, waambie ni mafuta ya huko. Yana maji. Wamwage, wanunue mengine. Utakaa nao vizuri, msimu utapita."

"Lakini mjomba, lenyewe lina nini hasa?"

"Halina kitu! Si uliona video? Glasi ya chai juu ya boneti, injini inaunguruma, chai haitikisiki. Trekta bovu linafanya hivyo?"

Na wewe, fundi niliyekufundisha mwenyewe, ukasema, "Nitaona, mjomba."

Hebu tuongee kifundi, maana kwa upande wa undugu nitatukana.

Hiyo glasi ya chai ndiyo uchafu wa kwanza. Madalali wote wa matrekta ya zamani wanafanya hivyohivyo: anakuwashia likiwa limesimama, anateremsha mwendo liungurume taratibu, anaweka chai au chupa ya soda juu ya boneti, na mteja anatazama chai. Hakuna anayetazama chini. Mtu ametoka Ifakara na michango ya wenzake kwenye pochi, anaonyeshwa chai. Trekta lililosimama linakula mafuta kidogo sana, hata kabureta ya pampu ya maji inaweza kulichanganyia mafuta na hewa. Tena chai itatulia kuliko kawaida. Mpe jembe, liingie kwenye udongo wa mpunga, ndipo utajua.

Na lile trekta limefungwa kabureta ya pampu ya maji. Nililiona kwa macho yangu. Nilipita kwenye uwanja wa Shaibu kule Temeke kuchukua jeki yangu, nikainama. Kabureta ya trekta lile la kijivu inakaa chini ya mkono wa injini, lile bomba la kugawa hewa, hewa inaingia kwa chini na kupanda juu, na bodi yake ni ya chuma cha kumwaga, nzito, ikikuangukia kidoleni unalia. Niliyoiona ilikuwa nyepesi ya bati jeupe, imepachikwa kwa kipande cha bamba, ikapuliziwa rangi ya kijivu hadi kwenye skrubu. Nikatia venia yangu ya kupimia kwenye koo lake. Milimita kumi na sita. Ya trekta ni ishirini na nne. Hapo watu wa chai wanasema, "Ah, tofauti milimita nane tu." Zidisha kipenyo kwa kipenyo, mwanangu. Kumi na sita mara kumi na sita, mia mbili hamsini na sita. Ishirini na nne mara ishirini na nne, mia tano sabini na sita. Injini inapewa chini ya nusu ya pumzi yake. Hakuna skrubu duniani itakayorekebisha hesabu hiyo.

Nikamuuliza, "Shaibu, ya kwake iko wapi?" Akasema ipo, anaisafisha, ataifunga kabla ya kupakia. Nikamwamini. Nilishika jeki yangu nikaondoka. Hilo ni kosa langu na sitakuficha: niliona, nikaondoka.

Unajua ya kwake iko wapi? Iko Msasani. Ameiuza kwa bwana mmoja mwenye mgahawa, aliyesimamisha trekta bovu kwenye majani mbele ya mlango ili wateja wapige picha. Alitaka kila kitu kiwe chenyewe, hata kabureta iwe na herufi zake. Trekta lile halina hata bomba la mafuta! Nimelipita wiki iliyopita kupeleka betri, nikaona kabureta nzima, safi, imeng'arishwa, inakaa pale inatazama watu wanakula pweza. Na trekta la kina mama wanaolima linavuta hewa kwa koo la pampu ya bustani. Nilitema mate pale kwenye majani yake. Mlinzi akanifokea, "Mama vipi?" Nikamwambia mwambie tajiri wako.

Kwenye begi lako la bluu, ndani ya gunia la ngano, nimekuwekea kabureta. Ni ya aina yenyewe, nilikuwa nayo kabatini. Ukiichukua utataka kusoma kibati chake cha shaba chenye namba. Usianze na kibati, Zuhura. Kibati kinashikwa na skrubu moja, na skrubu inafunguka. Mie nimejifunza kabureta kwa mkono kabla ya macho. Unajua nilianzia wapi. Nilikuwa nauza chapati kwa mafundi wa Temeke, na waliokuwa hawana hela walinilipa vyuma chakavu. Wakati ule mabasi ya mikoani yakiwa bado Ubungo, makonda walinishushia magunia ya vyuma kutoka mashamba ya mkonge, nikawa nachagua mwenyewe pale chini, huku watu wananikanyaga. Nikajua uzito. Halafu koo. Halafu herufi zilizomwagwa pamoja na bodi yenyewe, hizo hazihami. Kibati mwisho kabisa, na kabla hujakisoma, tazama mfereji wa skrubu yake. Ukiona unang'aa na kibati kina kutu, jua kimetoka kwa mwingine.

Kila aliyewahi kuniuzia uongo aliniwekea kibati mbele ya macho. "Dada, soma namba hiyo." Nilikuwaga nasoma. Nikaliwa sana.

Kuhusu kurekebisha, najua utasema mama nimeshajua. Umejua kwa kabureta za hapa gereji. Usibebe kanuni ya hapa ukaipeleka kule bila kutazama. Ile skrubu ndogo ya mwendo wa taratibu, tazama imekaa upande gani. Ikiwa upande wa hewa inapoingia, hiyo inabana hewa: ukikaza, mafuta yanazidi. Ikiwa upande wa injini, inabana mchanganyiko wenyewe: ukikaza, mafuta yanapungua. Skrubu zinafanana kama mapacha, kazi zao zimepishana. Mie nilijifunza aina ya kwanza, nikaamini zote ziko hivyo. Nilikesha siku mbili na trekta la watu, likikohoa nakaza, likizidi nakaza zaidi, nikatukana petroli, nikatukana plagi, nikamtukana mwenye trekta. Mwishoni akaja fundi mwenzangu mlevi, Mungu amrehemu, akaangalia akasema, "Mama Zuhura, unamnyonga mgonjwa huku unamwuliza kwa nini hapumui." Watu walicheka mwaka mzima.

Skrubu kubwa ya chini, ya kazi nzito, ikaze taratibu mpaka igote, usiilazimishe, utaitia kidonda ncha yake. Kisha rudi mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni pa kuanzia tu. Ukweli utaupata shambani, jembe likiwa ndani ya udongo. Likikata pumzi, vuta choki kidogo, ubane hewa. Likipata nguvu, lina njaa, liongezee robo. Likizidi kuzama na kutoa moshi mweusi, limeshiba kupita kiasi, punguza. Lima mistari miwili, zima, fungua plagi. Nyeupe kama chokaa ni njaa, nyeusi ya masizi ni shibe. Unataka rangi ya kahawia, kama chapati iliyoiva. Usikubali mtu akusifie ukiwa uwanjani.

Sasa najua unachofikiria, maana na mie ningekifikiria. Mama, si nibadilishe kabureta kimyakimya, trekta lilime, kina mama wafurahi, mjomba asiaibike? Kila mtu amepona.

Subiri nikwambie habari ya mzee mmoja wa Mkuranga, ambaye sijawahi kukusimulia.

Wewe ulikuwa bado unatambaa. Shaibu ndio kwanza ameanza udalali, mie ndio fundi wake. Akamuuzia mzee yule kabureta iliyohamishiwa kibati. Mzee akaja nalo trekta hapa, kalivuta kwa lori, kofia mkononi. Nilifungua boneti nikaona palepale: bodi ya trekta jingine, skrubu ya kibati inang'aa. Shaibu alikuwa nyuma ya mzee. Akanitolea macho. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, tatizo nini?"

Nikasema, "Mafuta, mzee. Mafuta ya siku hizi yana maji."

Sikulipwa chochote kwa neno lile. Nililisema tu, kwa sababu ndugu yangu alinitolea macho.

Mzee akaenda akamwaga tangi zima. Akajaza jipya. Likamkatikia shambani. Akamwaga tena. Alilima hivyohivyo, injini ikiwa na njaa, moto mkali ndani, mpaka vali ikaungua. Mvua ikapita. Halafu akaja hapa. Nilipomwona getini nikajua leo naumbuka, nikajifuta mikono tayari kwa ugomvi. Alikuwa na kikapu cha mihogo. Akaniwekea mezani, akasema, "Nimekuletea, mwanangu, kwa kuwa uliniambia kweli. Sasa nisaidie jambo moja. Hapa mjini, mafuta mazuri yanauzwa kituo gani?"

Niliipika ile mihogo, Zuhura. Ulikula na wewe. Mie haikushuka.

Angekuja kunitukana ningesahau. Alikuja kuamini tena. Mpaka leo mtu akisema mbele yangu "ni mafuta", namwona mzee yule na kikapu chake, na leo alasiri limesemwa ndani ya gereji yangu, na mtu yuleyule, akitaka mdomo wako ufanye kazi ya mdomo wangu. Ndiyo maana kubadilisha kimyakimya hakutoshi. Ukibadilisha bila kusema, wale kina mama wataamini kweli yalikuwa mafuta. Watamtuma mwenzao wa kijiji cha pili kwa Shaibu. Naye ataonyeshwa chai.

Baada ya yeye kuondoka, na wewe kuondoka, nilimpigia mwenyekiti wa kikundi, Mama Tabu. Namba nilitoa kwenye simu yako ukiwa unaoga, nisamehe. Nikajitambulisha, nikamwambia, "Mama, trekta lenu halina kabureta yake. Mwanangu anakuja na nyingine."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga. Kisha akacheka, cheko la chinichini.

"Mama Zuhura, hilo tunalijua. Tulilifungua wiki ya kwanza. Tuna pampu ya bustani hapa, kabureta zao ni ndugu wa damu. Tulipoziweka pamoja tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha tukalia."

"Sasa mbona mmekubali aje mpwa wake?"

"Shaibu ametuambia anatuletea fundi. Tunataka kuona anashuka nani kwenye basi. Fundi, au mpwa wa Shaibu. Akiwa fundi, atakaa na sisi miaka. Akiwa mpwa, atarudi na basi hilohilo, na trekta letu tutalipeleka polisi na jina la Shaibu." Kisha akasema, "Naomba usimwambie, mama. Tuache tumwone."

Nikamjibu sawa.

Nimekaa na hiyo sawa tangu saa kumi na moja. Na unaona nimeshaivunja, maana unaisoma. Sikuweza kukuacha uingie pale na lile "nitaona" lako mdomoni. Najua nilichokuharibia. Sasa ukisema kweli, hakuna atakayejua kama ni kweli yako au ni barua ya mama yako. Hata mie sitajua. Nimezoea kukufanyia hivyo. Kila ulipomaliza kabureta hapa na kwenda kuoga, nilirudi nyuma yako na bisibisi nikaongeza robo au kupunguza robo. Mara nyingi hapakuwa na haja. Miaka yote hiyo hujawahi kusikia trekta likiunguruma kwa mkono wako peke yako, na aibu hiyo ni yangu.

Kwa hiyo liko hivi. Mama Tabu atakupokea stendi. Atakuuliza habari za safari, atakupa maji, hatakuuliza habari za trekta kabisa, atakungoja. Wewe usingoje kuulizwa. Nimesema yangu, zaidi ya hapo sikushiki mkono.

Nimempigia na Shaibu. Nimemwambia khanga zake ziko kibarazani, aje azichukue asubuhi ukishaondoka, na asivuke kizingiti. Alidhani natania.

"Dada! Kwa ajili ya kabureta?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya kabureta."

"Unajua mie ndiye ndugu pekee uliyebaki naye. Ukifa, nani ataingia kaburini kukulaza?"

Nilikata simu, nikakaa nikatazama mikono yangu. Mtoto yule nilimbeba mgongoni kutoka Masasi. Alikuwa akinikojolea, nikatembea hivyohivyo.

Nikampigia tena. Nikamwambia, "Watazika majirani." Nikakata.

Mie ndugu yangu nimeshamkosa leo. Usinifanye nimkose bure.

Mama yako.